Tangazo Lililowahi Kufika

Sura ya Sita

Lori la Amon lilikuwa na vyungu mia mbili na kumi, nyasi kavu za kuvifungia visigongane, na pipa moja la bati lililowambwa ngozi ya mbuzi. Basi. Sajini Keziya alipanda, akashuka, akalizunguka mara ya pili pale kwenye maegesho ya Kasumulu, akajifuta vumbi magotini. Asubuhi yake ya Ijumaa ilikuwa imeshakwenda na maji ya mto Songwe.

Uvumi ndio uliomleta mpakani. Tangu jana usiku Kyela nzima ilikuwa inasema kwamba ngoma kuu ya Bujonde imevushwa kwenda Malawi ndani ya lori hilo, na kila aliyesimulia aliongeza lake, mpaka wa mwisho akadai ameisikia kwa masikio yake ikilia ng'ambo. Amon mwenyewe hakukasirika. Ni mfanyabiashara mwenye mke upande huu na wajomba upande ule, amezoea kusingiziwa na pande zote mbili. Alieleza kwamba pipa lile ni ngoma ya wageni kutoka Karonga wanaokuja kucheza kwenye tamasha kesho, kwamba limeingia nchini wala halikutoka, na daftari la forodha likasema hivyo hivyo: Jumatano, saa sita mchana.

"Mimi nikiiba ngoma ya Bujonde nitaificha wapi, Sajini?" aliuliza huku akifunga turubai. "Ile ukiigusa kidogo tu, wilaya nzima inajua nani kaigusa."

Keziya akamwambia aende salama. Akakaa kwenye benchi la mama muuza chai, akaagiza ya rangi. Konstebo Sedekia, mtu aliyemzidi Keziya umri kwa miaka tisa na kuzidiwa naye vyeo viwili, akaagiza chapati nne.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kesho Jumamosi ni Tamasha la Ufukwe mjini Kyela, na kundi la ngoma la Bujonde ndilo lililopangiwa kufungua uwanja. Anayefungua uwanja ndiye anayekwenda Karonga mwezi wa nane kuwakilisha mwambao mzima, kwa hiyo watu hawalichukulii kimzaha. Ngoma kuu inatunzwa na Mzee Ambakisye, kiongozi wa kundi, ndani ya ghala lililo ng'ambo ya ua wake. Jana Alhamisi saa kumi jioni mzee alifungua ghala, akakuta vigongo vya kupigia vinaning'inia ukutani na ngoma haipo. Alipoulizwa nani aliingia ghalani tangu alipoiona mara ya mwisho, alitaja mtu mmoja tu: Winnie, mke wa mwanawe. Alipita Jumatano alasiri, akaingia, akatoka. Mwingine hakupita.

Winnie ni binti wa wafinyanzi wa Ikombe, kule ng'ambo ya Matema, ameolewa Bujonde mwaka wa tatu huu. Yeye alisema Jumatano alasiri alikuwa shambani anawinga ndege kwenye mpunga. Peke yake. Ndege hawatoi ushahidi. Mumewe, Moses, yuko ziwani na wavuvi, na alipopigiwa simu alisema kama baba ameshasema, yeye aseme nini. Basi wazee wa ukoo walikuwa wamepanga kukaa leo saa kumi jioni wamrudishe mwanamke kwao. Sheria haikuwa na haraka, lakini Keziya alikuwa nayo. Mke aliyerudishwa na jina la wizi mgongoni harudi tena, hata ngoma irudi.

Redio ya mama muuza chai ilikuwa inaimba, ikanyamaza, ikaingia sauti ya Edwin wa Redio Mwalo na kipindi chake cha Yaliyopo na Yajayo. Kwaya tatu zitaimba kesho kabla ya chakula. Mashindano ya mitumbwi Matema ni Jumapili baada ya ibada, wapiga kasia wafike na makasia yao. Akina mama wa vyungu watakaa upande wa kulia wa lango, si kushoto kama ilivyotangazwa. Mbuzi jike mweusi ameokotwa Ipinda, mwenyewe afike aeleze alama za masikio.

"Na kundi la Bujonde," ikaendelea sauti, "halitafungua uwanja kesho kutokana na kupotelewa na ngoma yao. Kamati inaombwa kuangalia kundi linalofuata. Tangazo hili lilitufikia tangu jana asubuhi, tunalirudia kwa mara ya pili kwa faida ya ambao hawakusikia."

Keziya akaweka kikombe chini.

"Amesema jana asubuhi?"

"Kasema," Sedekia akajibu mdomo ukiwa umejaa.

"Mzee alifungua ghala saa ngapi?"

Sedekia akatafuna, akameza, akaacha kutafuna. "Saa kumi jioni."

"Amka."

"Afande, chapati."

"Zifunge kwenye gazeti."

*

Redio Mwalo iko mjini juu ya ghala la mpunga, chumba kimoja chenye magodoro yaliyogongomewa ukutani ili mashine ya kukoboa ya jirani isisikike hewani. Edwin ndiye mtangazaji, ndiye fundi, ndiye mfagiaji. Alikuwa mtu mrefu mwenye masikio ya kubanwa na vipokea sauti, na alipoulizwa kuhusu tangazo la Bujonde alijihami mapema.

"Mimi nasoma, afande. Nikianza kuchunguza kila tangazo, yule mbuzi wa Ipinda atazaa kabla sijamtangaza."

Keziya akasema hakuja kumlaumu, amekuja kuliona daftari. Edwin akalileta. Lilikuwa daftari kubwa la shule, na ndani yake kila tangazo lilikuwa na saa lilipofika, aliyelileta, na vialama vitatu vya kalamu pembeni, kwa sababu tangazo la Redio Mwalo husomwa mara tatu, halipungui halizidi. Tangazo la Bujonde lilikuwa na alama mbili. Lilifika Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi. Aliyelileta: bodaboda wa kijiji cha Njisi.

"Ukalisoma lini?"

"Jana saa moja jioni, kipindi cha kwanza. Leo saa nne, cha pili. La tatu kesho asubuhi."

Ndipo Keziya akaelewa kwa nini hakuna aliyeshtuka. Saa moja jioni Bujonde wote walikuwa wameshalia na kuzunguka vichaka, kwa hiyo redio iliposema ngoma imepotea, kila mtu alidhani habari imetoka kwao. Wao wenyewe walidhani mwenzao mmoja ndiye aliyepeleka. Kumbe kikaratasi kilifika mjini muda wa karibu saa saba kabla mwenye ngoma hajajua kuwa hana ngoma.

"Sasa mtu mwenye akili," Sedekia akasema wakishuka ngazi, "anaibaje halafu anatangaza kabla hajagunduliwa?"

"Hakujua kama anatangulia. Alidhani mzee ameshafungua ghala." Keziya akasimama kwenye ngazi ya mwisho. "Jana asubuhi hali ya hewa ilikuwaje?"

Sedekia akamkumbusha kwamba jana walilowa wote wawili. Manyunyu yalianza alfajiri, yakakatika saa nane mchana.

"Twende tukamuulize mzee ngoma yake huwa anaianika saa ngapi."

*

Walifika Bujonde saa saba kasoro. Ua wa Mzee Ambakisye ulikuwa umefagiwa kama wa msiba. Mzee alikuwa barazani kwenye kiti chake cha mninga, uso kwa uso na mlango wa ghala, hatua kama ishirini mbele yake. Mlango hauna kufuli. Haujawahi kuwa na kufuli, kwa sababu mbele yake amekaa Ambakisye.

Keziya akachuchumaa kidogo, akamsalimu kwa lugha ya kwao, kama binti anavyomsalimu baba. "Mugonile, tata."

"Ndaga, mwanangu. Umeileta?"

"Bado. Nina maswali mawili matatu."

Alimuuliza kwanza juu ya kuanika. Mzee akaeleza kwamba wiki ya kucheza ngoma lazima ipate jua kila siku, ngozi isilegee. Saa mbili asubuhi inatoka ghalani, saa sita inarudi. Jana haikutoka kwa sababu ya manyunyu, na jua lilipotoka alasiri ndipo alipofungua. Keziya akamtazama Sedekia. Aliyeandika tangazo alihesabu saa mbili, akaongeza saa moja ya watu kupiga kelele, akamtuma bodaboda. Alijua ratiba ya ngoma. Hakujua kwamba Bujonde manyunyu yalikuwa mazito kuliko Njisi.

"Na Jumatano ulimwona Winnie akipita."

"Nimeshasema."

"Alivaa nini?"

"Kanga."

"Ya rangi gani?"

Mzee akakunja uso. "Mtu mzima na heshima zako, unaniuliza mimi rangi ya kanga ya mke wa mwanangu?"

Keziya akainuka. Akaomba radhi, akaaga, akatoka uani kwa hatua za kawaida. Walipofika nyuma ya migomba akamshika Sedekia mkono.

"Hakumwona."

"Nani?"

"Mzee. Hakumwona Winnie. Hakuona mtu yeyote."

Sedekia alitaka kubisha, kisha akakumbuka. Naye ni wa huku huku, ana baba, ana mke. Mkamwana wa Kinyakyusa hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia majanini mpaka apite. Akilazimika kukatiza ua anakohoa akiwa nyuma ya nyumba, anajitanda kanga kichwani, anainama, na mzee akisikia kikohozi kile anageukia ukutani mpaka nyayo ziishe. Ndiyo adabu, inafuatwa na pande zote mbili. Mzee hakusema uongo. Kwake yeye, na kwa kila mtu wa Bujonde, mkamwana akikohoa na kupita, mkamwana amepita. Nani aulize zaidi? Keziya mwenyewe, mke wa watu kwa miaka kumi na minne, aliyaandika maelezo yale jana usiku kwa mkono wake bila kuinua kalamu.

"Tupate kanga," akasema.

Winnie alikuwa kwa jirani, Mama Jeni, mjane mnene mwenye ulimi, amekaa juu ya begi lake lililofungwa tayari. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mikono ya mfinyanzi, kucha zimeshika udongo mwekundu usiotoka. Hakulia. Alisema amechoka kusema kwamba alikuwa mpungani, na kwamba mjomba wake Raphaeli ameshaingia kwenye mtumbwi kuja kumchukua, na akifika atatukana watu. Keziya akamwomba kanga aliyojifunga, akampa koti lake la polisi ashike. Akamwambia Sedekia akae naye hapo hapo, asimwondolee macho hata akiomba maji.

"Nimekamatwa?" Winnie akauliza.

"Umewekewa shahidi," Keziya akajibu. "Jumatano ndiye uliyemkosa."

Akajitanda kanga mpaka kwenye paji. Akazunguka nyuma ya nyumba ya mzee, akavua viatu, akakohoa mara mbili.

Kiti cha mninga kililia. Keziya alipotokeza kona, Mzee Ambakisye alikuwa amegeuka wote, magoti na uso, anatazama udongo wa ukuta wake. Keziya akakatiza ua akiwa ameinama. Akasukuma mlango wa ghala, akaingia. Ukutani vilining'inia vigongo viwili vya kupigia ngoma, vyeusi kwa mafuta ya mikono. Akavichukua. Akatoka, akasimama katikati ya ua, juani, akahesabu mpaka thelathini. Mzee hakutikisika. Baadaye Mama Jeni, aliyechungulia kwenye ua wa matete, alisimulia kijiji kizima kwamba hata angetoa ng'ombe mle ndani mzee angeendelea kusoma ukuta.

Baada ya dakika kumi Sajini akarudi kwa mlango wa mbele, na viatu vyake, na kofia yake.

"Tata, nani amepita hapa sasa hivi?"

"Winnie. Ameingia ghalani, ametoka."

"Una hakika?"

"Hapa mwanamke mwingine wa kukohoa hivyo hayupo."

Keziya akapiga goti, akamwekea vile vigongo mapajani. "Nimepita mimi, tata. Winnie yuko kwa Mama Jeni, anaangaliwa na konstebo tangu saa saba. Nisamehe kwa kukufanyia hivyo."

Mzee akavichukua vigongo. Alivigeuza, akavinusa.

"Basi nimemsingizia mtoto wa watu," akasema.

"Umedanganywa wewe kwanza. Sasa nisaidie. Aliyechukua ngoma ameacha vigongo. Mtu wa kuuza angechukua vyote. Mtu wa kuharibu asingehangaika kubeba. Nani anaweza kuipiga ngoma hii bila vigongo hivi?"

Mzee hakuhitaji kufikiri. Alikuwepo mmoja, mpigaji wake wa kwanza kwa miaka kumi na mmoja, mtu mfupi, mikono mifupi, vigongo vya wengine vilimshinda akajichongea vyake. Kwa miaka yote hiyo ndiye aliyeitoa ngoma juani saa mbili na kuirudisha saa sita. Alikula hapa, alimsikia mkamwana wa nyumba hii akikohoa. Mwaka jana aliomba asimame mbele siku ya tamasha, mzee akamwambia ngoja, akahamia kundi la kwao.

"Kwao ni wapi?"

"Njisi," akasema mzee. "Lugano."

Kundi la Njisi ndilo lililokuwa la pili kwenye orodha ya kamati.

*

Saa nane na nusu jua lilikuwa kali kweli kweli. Njisi nzima ilikuwa imeanika. Kwa Lugano majamvi ya mpunga yalifunika ua kutoka mlangoni mpaka kwenye choo, na kando yake, kwenye sanduku la mbao la kuvundikia kakao, kulikuwa na gunia limetandazwa juu na punje za kakao zimesambazwa kwa wepesi. Mke wake, Nancy, alikaa kivulini na fimbo ya kufukuzia kuku.

Lugano alitoka akitabasamu. Mfupi kweli, mabega mapana. Akawakaribisha, akawaletea viti, akasikitika sana kuhusu ngoma ya Bujonde. Keziya akamuuliza Jumatano alasiri alikuwa wapi.

"Hapa. Muulize mama watoto."

"Alhamisi asubuhi?"

"Hapa hapa. Mvua ile ningekwenda wapi?"

"Huku ilinyesha?"

"Ah, kidogo. Ilikatika mapema."

"Ulimtuma bodaboda mjini?"

"Namtuma kila siku, afande. Chumvi, vocha. Kuna kosa?" Akanyoosha mkono kuelekea nyumbani kwake. "Kama mnanishuku mimi, ingieni. Tafuteni. Godoro geuzeni."

Mtu anayekukaribisha kwenye godoro lake hajaficha kitu godoroni. Keziya akamruhusu Sedekia aingie, mwenyekiti wa kitongoji akaitwa aingie naye, yeye akabaki uani. Vishindo vya vyungu vikasikika ndani, vitanda vikaburutwa. Walitoka mikono mitupu, Sedekia ana utando wa buibui kwenye nyusi. Lugano akacheka kwa adabu.

Keziya hakuwa anamtazama Lugano. Alikuwa anamtazama Nancy.

Kuku saba walikuwa kwenye mpunga. Walikuwa wanakula bila hofu, wanachakura, wanasambaza, na fimbo ya Nancy imelala mapajani. Kisha tetea mmoja akatoka kwenye jamvi, akalisogelea sanduku la kakao, akainua shingo kupima kimo. Nancy akaruka. Alimfukuza mpaka nyuma ya choo, akarudi kukaa, akawaacha sita waendelee na mpunga wake.

"Dada Nancy," Keziya akasema taratibu, "kuku wako wanakula kakao?"

Nancy akamtazama mumewe.

"Mimi nimezaliwa Kasumulu, baba yangu ana kakao. Sijawahi kuona kuku anayeila. Mpunga unaliwa, wewe umekaa. Kakao hailiwi, unakimbia."

Hakungoja jibu. Akainama, akachota mpunga gao moja kutoka kwenye jamvi, akaurusha juu ya sanduku. Lugano akapiga hatua, akajikuta kifuani kwa Sedekia.

Jogoo ndiye aliyewahi. Alipiga mbawa, akatua katikati ya gunia.

Du.

Ua mzima ukasikia. Sauti nzito, imezibwa na gunia, lakini inatoka mbali chini, kama mtu anayegonga kutoka ndani ya ardhi. Wakamfuata matetea wawili, wakaanza kudonoa. Du. Du, du. Mwenyekiti wa kitongoji akavua kofia yake.

Keziya akawapungia kuku, akalivuta gunia pembeni. Ngoma kuu ya Bujonde ilikuwa imesimama wima ndani ya sanduku, ngozi yake sambamba na mbao za juu, imekaza vizuri, ina joto la jua. Imepata jua lake la siku, kama inavyotakiwa.

"Usingeweza kuiacha ilegee," akamwambia Lugano. "Miaka kumi na mmoja."

Lugano akaketi chini kwenye mpunga. Alisimulia yote bila kuvutwa. Kanga ilikuwa ya Nancy. Alikohoa, mzee akageuka, akaibeba ngoma kichwani imefunikwa, na aliowapita njiani wakaona mwanamke amejitwisha chungu. Nani ashangae mke wa kutoka Ikombe kubeba chungu? Hakutaka kuiharibu. Alitaka Njisi wafungue uwanja, yeye akiwa mbele, mara moja tu.

"Ulikuwa uirudishe lini?"

"Jumapili. Usiku ningeiacha pale pale."

"Na Winnie ungemrudisha lini?"

Lugano akaanza kukusanya punje za mpunga alizozikalia, na Keziya akamwambia ainuke.

*

Pikipiki waliyokuja nayo haibebi ngoma, mshitakiwa na polisi wawili. Walisimama barabarani wakapunga mikono, na gari la kwanza kufunga breki lilikuwa la Amon, linapeleka vyungu uwanjani. Amon alitazama kilichokuwa begani kwa Sedekia. Akashuka, akafungua turubai, akacheka mpaka akaegemea gurudumu.

"Sasa ndiyo imepanda lori langu kweli. Kawaambieni wale waongo."

Saa kumi ilibakiza dakika chache. Bujonde wazee walikuwa wameshakaa. Mjomba Raphaeli amewasili, amesimama kwa sababu amekataa kiti, begi la Winnie liko miguuni pake. Lori lilipoacha lami, Keziya alimgeukia Lugano, aliyekaa kati ya vyungu, akamwonyesha ngoma.

"Vigongo vyako unavyo?"

"Ninavyo."

"Piga."

"Afande..."

"Ulitaka kuwa mbele. Uko mbele. Piga wakusikie."

Lugano akapiga. Mwanzo mikono ilisita, halafu ikakumbuka. Ngoma ikanguruma juu ya migomba na mikakao, ikaingia mashambani. Watu wakatoka mpungani na matope magotini, watu wakatoka kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, filimbi ikaitika kutoka nyumba moja, ikaitika nyingine. Hakuna aliyeuliza ni ngoma gani. Hakuna aliyeuliza nani anapiga. Mama Jeni alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, akaendelea kwa kupiga makofi. Lori liliingia kwenye ua wa Mzee Ambakisye likiwa na kijiji kizima nyuma yake, na wale wazee waliokuja kuhukumu wakajikuta wamesimama wanaruka kama vijana wa kundi.

Sajini alisema maneno machache, ya kutosha. Alieleza tangazo, akaeleza kanga, akaeleza kuku. Alipofika kwenye kuku Mjomba Raphaeli akakubali kiti.

Ikabaki deni moja. Mzee Ambakisye alitaka kumwomba radhi mkamwana wake, na hawezi kusimama mbele yake, wala yeye hawezi kusimama mbele ya mzee. Mzee mmoja akashauri atumwe shangazi. Mwingine akasema apelekewe kuku. Ambakisye akatikisa kichwa kwa yote. Alisema alimtaja mtoto wa watu mbele ya wilaya nzima, kwa hiyo shangazi mmoja hatoshi. Akamuuliza Sajini kama yule mtu wa redio huamka mapema.

Jumamosi saa moja asubuhi Winnie alikuwa jikoni kwa Mama Jeni anamsaidia kumenya ndizi, redio juu ya kinu. Keziya alikuwa amepitia koti lake. Edwin akafungua Yaliyopo na Yajayo, akasema kwamba tangazo la Bujonde lililosomwa mara mbili limefutwa, halitasomwa la tatu, na badala yake kuna mgeni studio. Kikafuata kikohozi. Mashine ya kukoboa ikasikika kwa mbali.

"Mimi ni Ambakisye wa Bujonde," ikasema sauti ya mzee, kubwa mno, kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. "Namtangazia mkamwana wangu, Winnie, binti wa Ikombe. Nilisema nilikuona. Sikukuona. Nilikuwa nimetazama ukuta. Ulikuwa mpungani kama ulivyosema. Kosa ni langu, na wote walionisikia nikikutaja, sasa wanisikie nikikuomba radhi. Nyumba ni yako. Leo saa tatu Bujonde wanafungua uwanja, na wewe utakaa mbele, na mimi nitakaa nyuma yako, ili usipate taabu ya kujificha. Ndaga fijo, asanteni sana."

Mama Jeni alikuwa amejifunika uso na ungo. Winnie alimaliza kumenya ndizi aliyoshika, akaiweka kwenye maji, akajifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Sajini," akauliza, "matangazo ya Edwin husomwa mara ngapi?"

"Mara tatu. Hayapungui, hayazidi."

Winnie akajifunga kanga yake vizuri, akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho, akarudi kuketi.

"Basi bado mara mbili."